Mwisho wa Samaki Mzee: Historia ya Huruma na Mpaka Wake



Kwetu Bengamisa samaki ni chakula kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Hutoka mitoni, hutoka katika mabwawa ya kufugia, au huletwa kutoka Kisangani akiwa amekaushwa kwa moshi au kutiwa chumvi. Mara nyingine kambare hufika sokoni wakiwa hai, wakijipinda ndani ya beseni lenye maji kidogo; mnunuzi huchagua, hupatana bei, na shughuli huishia hapo. Ni wachache miongoni mwetu waliowahi kukaa na samaki nyumbani ndani ya tangi la kioo, wakampa jina na kumlisha kila siku kama mtu anavyomlisha mbwa wake. Kwa hiyo mtu akituuliza, “Samaki unayemfuga akiugua ugonjwa usioponyeka, utamtendea nini?”, wengi wetu tutacheka.

Hata hivyo swali hilo si la mchezo. Ndani yake mna swali jingine lililo zito zaidi: aliye na uwezo wote juu ya kiumbe dhaifu ana wajibu gani siku kiumbe huyo anapokaribia mwisho wake? Na je, jibu linalofaa kwa samaki laweza kufaa kwa mtu? Historia ya miaka mia mbili iliyopita imelijibu swali hili mara kwa njia njema, mara kwa njia ya kutisha. Tuifuate hatua kwa hatua.

Samaki aliyeitwa Babu

Tuanze na ukoo wa samaki tunaoufahamu. Katika vinamasi vya bonde la Kongo yuko samaki mrefu, mwenye umbo linalokaribia la nyoka, ambaye wasemao Kilingala humwita nzombo. Wenzetu wa Ziwa Viktoria wana ndugu yake, nao humwita kamongo. Samaki hao wamejaliwa mapafu pamoja na matamvua, na kamongo, maji yakikauka, hujichimbia matopeni akalala humo hadi mvua irudi.

Huko Australia yuko ndugu yao wa mbali, mwenye pafu moja. Mwaka 1933 mmoja wa aina hiyo alisafirishwa kwa meli kutoka Sydney hadi Marekani, akawekwa katika Shedd Aquarium, jumba la samaki la mji wa Chicago lililokuwa limefunguliwa mwaka 1930. Mwaka huo Chicago ilikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa, na samaki yule alikuwa mmoja wa viumbe walioletwa ili watu wawatazame. Baadaye alipewa jina Granddad, yaani Babu.

Babu huyo hakuwa na mbwembwe. Muda mwingi alitulia chini ya tangi kama gogo lililozama. Lakini aliishi humo zaidi ya miaka 80, na mamilioni ya watu walipita mbele ya kioo chake. Mwanzoni mwa mwaka 2017 alipoteza hamu ya chakula, na viungo vyake vya ndani vikaanza kushindwa kazi. Uzee haukuwa na dawa. Tarehe 5 Februari 2017 waliomtunza waliamua kumfisha kwa upole, ili asiendelee kudhoofika na kuteseka bila tumaini la kupona.

Tusimame kidogo hapa. Watu hao hawakumla, hawakumtupa, wala hawakumwacha ajifie polepole gizani. Walikuwa wamemtoa katika mto wake na kumfungia katika nyumba yao. Kila punje ya chakula chake ilipitia mikononi mwao. Basi hata mwisho wake ulikuwa juu yao. Lakini wazo hilo, kwamba mtu anawiwa jambo fulani na samaki anayekufa, halikuwapo siku zote.

Huruma iliyochelewa kufika majini

Maandiko Matakatifu tangu kale yanamtaka mtu mwenye haki aangalie uhai wa mnyama wake. Katika kitabu cha Hesabu, punda wa Balaamu anapigwa mara tatu bila kosa, na bwana wake anakemewa kwa sababu ya ukatili huo. Sheria ya Musa ilimkataza mtu akutaye kiota asimchukue mama pamoja na makinda yake. Mwaka 1567 Papa Pius V alitoa hati ya kukataza michezo ya kupigana na mafahali, ambayo iliwaua watu na wanyama kwa ajili ya burudani tu.

Sheria za mataifa zilikuja baadaye. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza, kwa juhudi za mbunge Richard Martin kutoka Ireland, lilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaowatesa ng’ombe, farasi na kondoo. Mwaka 1824 kikaundwa huko London chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Samaki hakutajwa. Mwaka 1876 sheria nyingine ya nchi hiyo, iliyohusu majaribio ya wataalamu juu ya wanyama hai, iliwagusa wanyama wote wenye uti wa mgongo, na hivyo samaki akaingia kwa mlango wa nyuma. Lakini katika mawazo ya watu aliendelea kubaki nje.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mbuzi akiumia hulia. Mbwa akipigwa hukunja mkia. Samaki hana sauti ya kulilia, hana kope za kufumba, na uso wake haubadiliki. Maumivu yasiyo na kilio ni rahisi kuyakana. Wahenga waliposema kwamba mnyonge hana haki, hawakusema kwa kusifu, walikuwa wakiomboleza. Na katika viumbe wenye uti wa mgongo, nani mnyonge kuliko asiyeweza hata kupiga kelele?

Mwaka 2003 watafiti watatu nchini Uingereza, Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya samaki aina ya trauti. Walichunguza mishipa ya fahamu ya kichwani na kukuta iliyo tayari kupokea habari ya jeraha. Kisha baadhi ya samaki walidungwa midomoni kwa sumu ya nyuki au asidi ya siki. Samaki hao walipumua kwa haraka na wakakawia kurudi kwenye chakula. Waliodungwa asidi walisugua midomo yao kwenye kokoto. Sneddon alipowapa mofini, dawa ile ile ya kutuliza maumivu ya binadamu, dalili hizo zilipungua.

Wapo wataalamu wasiokubali. Husema kwamba samaki hana sehemu ile ya ubongo ambayo kwa binadamu huyafanya maumivu yahisiwe, na kwamba mwili kushtuka si sawa na moyo kuteseka. Mjadala huo haujafungwa. Lakini mwenye busara, asipojua kwa hakika kama gunia lililo njiani lina mtu ndani, halipigi teke. Shaka yenyewe yatosha kuuzuia mkono.

Karafuu na historia yake chungu

Basi, ikiwa imethibitika kwamba samaki hatapona, mwisho wake uwe wa namna gani? Moja ya njia zinazotumiwa leo inatoka jirani na asili ya lugha hii tunayoiandika. Ni mafuta ya karafuu.

Wazee wetu wamezoea kuweka karafuu juu ya jino linalouma, nao hawakukosea: ndani yake mna kiini kiitwacho eujenoli, ambacho hutia ganzi. Mwaka 1972 watafiti wa Japani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba eujenoli huwatia usingizi samaki wa maji baridi. Kipimo kidogo humlaza samaki ili atibiwe, kisha huamka akirudishwa katika maji safi. Kipimo kikubwa humlaza moja kwa moja: kwanza hupoteza mizani, kisha hulala asihisi kitu, mwishowe matamvua huacha kupiga. Mwongozo wa chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wa mwaka 2020 unaitaja njia hiyo miongoni mwa zinazokubalika.

Karafuu haikuwa mmea wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nayo ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Chini ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, mashamba ya karafuu yalienea Unguja na Pemba hata visiwa hivyo vikajulikana ulimwenguni kote kwa zao hilo. Mashamba hayo yalipandwa na kuvunwa na watumwa, watu waliotekwa bara na kuteremshwa hadi pwani.

Historia hiyo inatugusa sisi wa Tshopo. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, mwenyeji wa Zanzibar na mwenye mashamba huko, alifika na misafara yake hadi kwenye maporomoko ya mto wetu, na mwaka 1887 akawekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kwa njia ya misafara ile ya pembe na watumwa Kiswahili kilipata mizizi kwetu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria za visiwa hivyo mpaka mwaka 1897.

Angalieni miaka hiyo. Sheria ya kumlinda ng’ombe na farasi ilipitishwa London mwaka 1822. Kwa miaka 50 zaidi watu waliendelea kuuzwa mnadani Zanzibar, wakikaguliwa meno kama mifugo. Mafuta ambayo leo yanampa samaki usingizi wa upole yana nyuma yake jasho la watu ambao hawakuonewa huruma hata hiyo. Hatukumbushi jambo hili ili tuidharau huruma kwa mnyama. Tunalikumbusha ili tujue kwamba huruma inaweza kukosea njia: inaweza kumfikia mmoja na kumruka mwingine aliye karibu zaidi.

Saa ya kuamua

Mtu mwenye samaki mgonjwa aanze kwa kumtazama. Je, bado anakula? Anaogelea wima, au amelala ubavu siku kadhaa? Anatweta juu ya maji? Vidonda vyake vinapona au vinaenea? Magonjwa mengi ya samaki hutokana na maji machafu au msongamano, na huondoka maji yakibadilishwa kwa utaratibu. Kumfisha samaki ambaye angepona kwa maji safi si huruma. Ni uvivu uliovaa vazi la huruma.

Lakini ikiwa yote yamejaribiwa na dalili zinaonyesha kwamba hakuna kurudi, kuahirisha nako kuna ubaya wake. Mara nyingi tunayemhurumia si mgonjwa, bali nafsi zetu: hatutaki kuliona jambo likitendeka, basi tunaliacha litendeke lenyewe kwa muda mrefu na kwa maumivu zaidi. Mchungaji mwema hageuzi uso.

Zipo njia zinazoonekana za upole kumbe si za upole. Kumwacha samaki nje ya maji ni kumnyonga polepole. Kumtupa chooni, kama wafanyavyo watu wengi mijini, ni kumpeleka akafe katika uchafu mbali na macho yetu. Kumrudisha mtoni akiwa mgonjwa ni kuwapelekea samaki wa mto ugonjwa wake. Njia za kweli ni dawa ya usingizi kwa kipimo kilichoelekezwa na mwenye ujuzi, huku samaki akiachwa ndani yake muda mrefu baada ya matamvua kutulia, kwa kuwa moyo wake huendelea kupiga. Au pigo moja la hakika kichwani, likifuatwa na kuuharibu ubongo mara moja, kwa mkono wa anayejua. Samaki aliyefishwa kwa dawa haliwi; huzikwa.

Na hapa somo hili linarudi sokoni kwetu. Pigo hilo moja la hakika halihitaji pesa wala dawa. Yule kambare wa beseni, ambaye tutamla jioni kwa shukrani, naye anaweza kukatiwa mateso yake kwa sekunde moja, badala ya kukatwakatwa akiwa hai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba ni halali kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mtu mwenyewe. Inafundisha pia kwamba haifai kutumia kwa ajili yao fedha ambazo kwanza zilipaswa kuondoa umaskini wa watu. Mambo hayo mawili yashikwe pamoja. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba mamlaka tuliyopewa juu ya viumbe ni ya kulinda na kutunza, si ya kuponda.

Mpaka usiovukwa

Sasa tufike kwenye swali la pili. Kijana anayefikiri atauliza: ikiwa kumfisha samaki asiyepona ni huruma, kwa nini isiwe huruma kumtendea hivyo babu yangu anayelia kwa maumivu usiku kucha?

Swali hilo lisikemewe. Mara nyingi huulizwa na mtu mwenye upendo. Lakini historia ina onyo. Tumesema kwamba Babu wa Chicago aliletwa mwaka 1933. Mwaka huo huo, tarehe 24 Novemba, serikali ya Wanazi ya Ujerumani ilitangaza sheria ya kuwalinda wanyama dhidi ya ukatili, mojawapo ya sheria kali za namna hiyo kwa wakati ule. Miaka michache baadaye, serikali hiyo hiyo ilianza kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu katika nyumba za matunzo, na mauaji hayo ikayaita kifo cha huruma. Hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi. Tarehe 3 Agosti 1941, Askofu Clemens August von Galen alipanda mimbari mjini Münster akalaani waziwazi jambo hilo. Alionya kwamba, watu wakikubaliwa kuuawa kwa sababu hawazai matunda tena, hakuna mzee, mgonjwa wala askari aliyejeruhiwa atakayekuwa salama. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 2005.

Biashara ya watumwa ilimshusha mtu kuwa mnyama wa kazi. Nyumba zile za Ujerumani zilimshusha kuwa mnyama mgonjwa. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: kumpima mtu kwa kipimo cha faida.

Samaki ametiwa mikononi mwetu, nasi tunaamua kwa niaba yake kwa sababu hana namna ya kuyabeba mateso yake kwa maana yoyote. Mtu hayumo mikononi mwetu kwa namna hiyo. Hata asipoweza kusema, hata asipotutambua tena, bado ni mwenzetu, naye ana Bwana mwingine. Kwa sababu hiyo Kanisa linakataa eutanasia, ingawa halimlazimishi mgonjwa kukubali matibabu mazito yasiyo na tumaini. Anayekataliwa kuuawa hapaswi kuachwa aumie, wala kuaga dunia peke yake.

Mfano wa njia hiyo uko karibu nasi. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akiwahudumia wagonjwa wa saratani na UKIMWI waliokuwa wakifa kwa maumivu majumbani mwao. Dawa yake kuu ilikuwa mofini ya maji, ya bei nafuu, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, na mgonjwa huinywa kwake akiwa miongoni mwa jamaa zake. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika dawa hiyo, ili iwafikie hata walio mbali na daktari. Mofini iliyowapunguzia trauti maumivu mwaka 2003 ilikuwa tayari, miaka kumi kabla yake, ikiwapa watu wa Kampala usiku wa amani. Kwa mtu, huruma inalenga maumivu na kuyaondoa. Haimlengi mwenye maumivu.

Basi, vijana, tusimcheke anayemlilia samaki wake. Anayejua kumtazama kiumbe mdogo asiye na sauti amejifunza jambo atakalolihitaji siku atakapokaa kando ya kitanda cha bibi yake. Ila akikaa hapo, akumbuke kwamba amevuka mpaka na kuingia mahali patakatifu, na huko kazi yake ni kushika mkono, kulowesha midomo, kutafuta dawa ya maumivu, na kukesha.

Maswali kwa ajili ya kundi

1. Katika nyumba zetu na masoko yetu, ni mateso gani ya wanyama yanayoweza kuondolewa bila gharama yoyote?

2. Ni lini “huruma” yetu huwa ni kukimbia tu kuona mateso?

3. Katika mtaa wetu, ni mgonjwa gani asiyepona ambaye hatembelewi? Nani kati yetu atakwenda wiki hii?